Upande wa Bwawa

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Stesheni alikaa kwenye kibanda cha vioo juu ya jukwaa namba mbili, akawaambia wasafiri treni ipi inaingia, ipi inatoka na ipi imechelewa. Watu waliifuata sauti yake kwenda kuzika, kwenda kuoa, kwenda kutafuta kazi, na wengi wao hawakuwahi kuiona sura yake. Katika miaka yote hiyo hakutangaza jukwaa lisilo lenyewe hata mara moja, na hilo ndilo jambo pekee alilojivunia waziwazi. Ukimsifia mapishi atakuambia chumvi imezidi. Ukimsifia sauti atanyamaza, akingoja uendelee.

Alipostaafu, sauti ilipata kazi nyingine kwa mumewe, na taabu yote ilianzia hapo.

Mumewe alikuwa fundi wa meno ya bandia, na mji mzima ulimwita Fundi Meno. Chumba cha nyuma cha nyumba yao kilijaa plasta, nta na taya za watu zilizopangwa rafuni kwa namba, zikikucheka ukiingia. Mezani palikuwa na taya upande huu na ndege za kurushwa kwa rimoti upande ule. Mkono uliozoea kulinganisha jino na jino ndio uliotengeneza ndege nzuri kuliko zote kwenye klabu yao ya warushaji, na usidhani ni vile vidude vya plastiki vya kuchezea watoto. Ndege yake ya mwisho, iliyomla miaka minne, ilikaribia mita tatu kwa urefu na ilikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Tumboni ilibeba injini ya jeti hasa, inayokunywa mafuta ya taa na kupiga yowe, na ikishakolea moto ilikuwa na kasi kuliko gari lolote barabarani.

Kuirusha si hoja. Hoja ni kuirudisha chini. Mrushaji husimama ukingoni mwa uwanja, rimoti ikining'inia kifuani kwa mkanda, vidole gumba viwili juu ya vijiti viwili, na macho hayabanduki angani. Ndiyo maana klabu ilikuwa na desturi yake: kila mwenye ndege kubwa lazima awe na msemaji. Msemaji husimama nyuma ya bega lake la kushoto na kumwambia yale ambayo yeye hana nafasi ya kuyatazama: upepo umegeuka, magurudumu yametoka, kuna ndege nyingine chini yako. Bila msemaji, huwashi injini.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa ndege za kweli zamani, ukaachwa. Kilichobaki ni ukanda wa lami wenye nyufa. Ng'ambo ya lami palikuwa na bwawa, shimo la kokoto lililojaa maji. Upande wa huku, nyuma ya warushaji, palikuwa na kamba, na nyuma ya kamba walikaa watu. Kati ya warushaji na kamba palichorwa mstari mwekundu kwenye nyasi. Ndege ikiuvuka mstari ule kuelekea kwa watu, mwenyewe anaweka rimoti chini na hairushi tena pale maisha yake yote.

Wasemaji wengine walipiga kelele za kulia na kushoto. Mama Stesheni alizikataa siku ya kwanza. Ndege ikija kukuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako, na hapo ndipo watu wazima hulia kama watoto mbele ya vipande vya miaka minne. Yeye alikuwa na maneno mawili tu, "Bwawa" na "Watu", yaani upande gani pua ielekee. Hesabu ya vidole ilibaki kwa mumewe. Aliyasema maneno hayo kwa sauti ileile ya jukwaani, bila haraka, na klabu nzima ilimwonea Fundi Meno wivu.

Dalili zilikuwepo, naye Mama Stesheni aliziona, asitudanganye mtu. Zilianza kwenye rangi. Ndege ya kwanza ya Fundi Meno ilikuwa ya kijivu. Ya pili aliipaka tumbo njano, eti ajue juu na chini. Hii ya mwisho aliipaka rangi ya machungwa inayowaka, kisha akaongeza mistari myeusi mipana mbawani, kisha akaipanua ile mistari. Mama Stesheni akamtania kwamba ametengeneza koni ya barabarani yenye injini. Mumewe, ambaye hucheka hata mzaha wa mwaka juzi, hakucheka.

Halafu mwalimu mkuu mstaafu akarudisha seti yake ya meno. "Fundi, haya meno yananitafuna mimi badala ya chakula," akasema, na kweli jino moja lilikuwa limekaa pembeni kama mtu aliyegombana na wenzake. Halafu Fundi Meno akaacha kuendesha gari lao la mizigo kwa sababu ya goti, goti lilelile ambalo halikumzuia kupanda ngazi kukagua paa. Mwishowe akafunga karakana. Alisema amechoka. Mkewe akaanza kuendesha gari, akakubali kwamba mtu huchoka.

Siku aliyoujua ukweli kunguru alipita. Walikuwa uwanjani wawili tu, asubuhi, ndege iko juu ya bwawa ikizunguka kwa ajili ya kutua. Kunguru akakatiza kutoka upande wa barabara, mbali kabisa na ndege. Mama Stesheni aliona kichwa cha mumewe kikigeuka taratibu kumfuata kunguru. Kiliendelea kumfuata mpaka kwenye miti.

"Watu kidogo," alisema.

Vidole vikasogea. Upande wa pili kabisa wa anga, ndege ya machungwa ikaelekeza pua kwenye lami.

"Magurudumu."

Magurudumu yakatoka. Fundi Meno alikuwa bado anamtazama kunguru, akitabasamu, kana kwamba anaitazama ndege yake ikishuka vizuri. Iligusa lami kama kawaida. Mama Stesheni alisimama nyuma ya bega lile, akagundua kwamba hajui ni tangu lini amekuwa akiirusha ndege yeye.

Barua aliipata kesho yake kwenye droo ya magego, chini ya sampuli za plasta. Ilitoka kwa daktari wa macho. Presha ya macho imekula pembeni mwa macho yote mawili, ilisema, na kilicholiwa hakirudi. Tarehe yake ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Aliipeleka jikoni, akaiweka mezani mbele ya mumewe aliyekuwa anakunywa chai.

"Hii ni nini, baba?"

Mkono wa Fundi Meno uliikosa karatasi kwa upana wa kidole, ukarudi, ukaishika. Hakuhitaji kuisoma.

"Ningekuambia."

"Lini? Ukishatumbukia kisimani?"

"Naona, mama watoto. Ila naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilichomo ndani ya tundu nakiona mpaka msumari. Kilicho nje ya tundu hakipo."

"Na ndege?"

"Ikiingia kwenye tundu naiona. Ikitoka, nakusikiliza wewe."

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayesema anatumia mkongojo. Mkewe akaketi. Alitaka kumkaripia, akaacha, kwa sababu kifuani mwake, chini ya hofu, palikuwa na kitu kingine kilichojisikia vizuri, naye alikijua na kikamchukiza. Tangu astaafu hakuna aliyekwenda popote kwa neno lake. Watoto walikuwa na simu zao, majirani na redio zao. Kumbe kulikuwa na kilo ishirini na ushee za chuma na moto zilizokwenda na kurudi kwa neno lake tu.

"Tunaacha," alisema hata hivyo. "Leo hii."

"Tunaacha. Ila mwezi ujao kuna siku ya watazamaji. Binti anakuja na mjukuu hajawahi kuiona ikiruka. Mara hiyo moja, halafu naitundika darini. Nakula yamini."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo, lakini methali haisemi lolote kuhusu mke anayemsaidia kuficha. Mama Stesheni aliitazama barua, akamtazama mumewe, akasema, "Mara moja." Neno lilitoka kwa sauti ileile isiyokosea, na alilijutia kabla halijafika mezani.

Wiki tatu walifanya mazoezi. Kila walipokwenda upepo ulivuma kutoka mkono wao wa kulia, kama ulivyovuma miaka yote kwenye uwanja ule, kwa hiyo ndege iliingia kutokea kushoto, kwenye banda bovu, ikitua kuelekea barabarani. Kila ilipoingia vidole vya Fundi Meno vilifanya jambo lilelile. "Bwawa" maana yake ni kijiti kushoto. "Watu" ni kijiti kulia. Ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Mama Stesheni alilala vizuri, akala vizuri, na bado kila akifua mashati ya mumewe alijikuta amesimama na shati mkononi, maji yakimdondoka miguuni, anasikiliza kitu ambacho hakipo.

Siku yenyewe watu walikuja kuliko ilivyotarajiwa. Walijaa nyuma ya kamba na viti vya kukunja na miavuli. Binti yao alipata nafasi ya mbele kabisa, na mjukuu wa miaka sita, kofia ya njano kichwani, akashika kamba kwa mikono miwili. Mama Stesheni aliitazama ile kofia kuliko alivyoitazama ndege.

Mwenyekiti wa klabu alipita na orodha yake. Walimwita Kanuni, maana hata akila andazi huwa kama anafuata maelekezo.

"Macho, Fundi?"

"Yapo. Hata nzi wa jirani namjua kwa jina."

Wote wakacheka.

"Msemaji?"

"Nipo," alisema Mama Stesheni. Kanuni akaweka alama mbili kwenye karatasi na kwenda zake.

Saa sita na robo zamu yao ilifika. Injini ilipiga yowe, harufu ya mafuta ya taa ikasambaa, watoto wakaziba masikio. Ndege ikakimbia juu ya lami, ikanyanyuka, na kwa dakika tano Mama Stesheni aliitembeza angani kwa maneno yake mawili. Watu walipiga makofi. Mumewe alikuwa anatabasamu, jasho likimtiririka shingoni. Ilikaribia kuwa siku njema.

Kisha nywele zilimpanda usoni Mama Stesheni kutokea mkono wa kushoto, upande usio wa kawaida. Alitazama mlingoti. Kile kifuko chekundu cha kuonyesha upepo kilikuwa kimelegea, kikayumba, kikajaa tena kikielekea upande wa pili. Upepo ulikuwa umegeuka. Ndege nzito kama ile hutua ikiukabili upepo, ama sivyo lami inaisha kabla kasi haijaisha.

"Upepo umegeuka," alisema. "Tunaingia kutokea barabarani."

"Sawa," alisema Fundi Meno, lakini tabasamu lilikuwa limekwisha.

Ndege ilizunguka, ikaja kutokea kulia. Iliposhuka kufikia urefu wa mnazi, ilikuwa imesogea kidogo upande wa huku.

"Bwawa kidogo."

Kijiti kikaenda kushoto, kama kilivyokwenda mara mia. Ila sasa ndege ilikuwa inatazama kinyume, na kushoto kwake hakukuwa kwenye bwawa. Pua ikageukia kamba.

"Bwawa," alisema. Kijiti kikazidi kushoto. "Bwawa! Baba, Bwawa!"

Hakuwahi kupaza sauti kazini. Mumewe alishtuka, vidole vikajua kosa lao, kijiti kikarudi kulia hadi mwisho na moto wa injini ukafunguliwa. Ndege ilivuka mstari mwekundu, ikapita juu ya vichwa ikiwa imelala ubavu, yowe lake likawapiga watu kifuani, ikapanda na kurudi juu ya bwawa. Kofia ya njano iliruka hewani. Mjukuu alibaki ameshika kamba, kichwa wazi, mdomo wazi.

Watu wakapiga makofi. Walisimama kwenye viti wakashangilia, wakidhani ni ufundi. Mama Stesheni hakupata kusahau makofi yale.

"Mstari!" Kanuni alikuwa anakimbia, filimbi mdomoni. "Fundi, umevuka mstari! Tua sasa hivi!"

"Nipe tena," Fundi Meno alimwambia mkewe kwa kunong'ona. "Nitakumbuka. Kinyume. Nitakumbuka."

Mafuta yalibaki ya dakika mbili. Rimoti ile ilikuwa imepangwa kizamani, kijiti cha moto upande wa kulia, na hapakuwa na mwingine uwanjani aliyejua kuitumia. Kutokea barabarani vidole vile vingekosea tena, na Mama Stesheni alijua kwamba mumewe atakumbuka, na alijua kwamba vidole havikumbuki. Nyuma yake alisikia binti akicheka na mtu, anatafuta kofia.

Alivuta pumzi kama alivyokuwa akivuta kabla ya kubonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Upepo umerudi," alisema. "Tunaingia kutokea bandani, kama siku zote."

Fundi Meno aligeuza kichwa kidogo, kama mtu aliyeguswa shavuni. Kisha mabega yakashuka, akasema, "Haya, mama watoto. Nipeleke."

Akampeleka. Ndege ilizunguka mbali, ikaja kutokea kushoto, na vidole vikawa nyumbani. "Bwawa kidogo." Ikaenda. "Bwawa kidogo tena." Ikaenda, laini, mpaka lami yote ikawa huku na ndege yote ikawa kule. "Magurudumu." Yakatoka matatu, yote. "Punguza moto." Jua lilikuwa linang'aa juu ya maji na hata mwenye macho mazima angefumba. "Mita kumi. Sita. Nne." Sauti haikutetemeka hata neno moja. Kanuni alianza kusema kitu, akakiacha. "Mbili. Ishikilie hapo. Ishikilie. Sasa iache."

Mumewe alivuta pua juu taratibu kwa kidole kimoja. Klabu ile ilikuwa haijaona kutua kuzuri kama kule. Fundi Meno aliinamisha kichwa, akitega sikio asikie matairi yakigusa lami.

Alisikia maji. Kwanza kishindo, kisha mchemko mrefu wa chuma cha moto, kisha kimya. Rangi ya machungwa ilielea kidogo, bawa moja likainuka, na bwawa likajifunga juu yake.

Fundi Meno alivua mkanda shingoni, akainyoosha rimoti kuelekea mahali ambapo mkewe hakuwepo, na ilibidi Mama Stesheni azunguke kwenda kuipokea.

Kanuni alifika akihema. "Nini kimetokea?"

"Kosa langu," alisema Fundi Meno. "Macho yameniisha, mwenyekiti. Andika hivyo."

Walirudi nyumbani kwa gari la mizigo, nyuma kukiwa na kitanda cha mbao kilichotengenezwa kwa kipimo cha ndege, kitupu, kikigonga kwenye kila shimo. Mjukuu alikuwa amerudi salama na mama yake, kofia kichwani, anasimulia. Mama Stesheni aliendesha hadi kwenye taa za pili ndipo mumewe akasema.

"Upepo haukurudi."

"Haukurudi."

"Nilijua. Ulikuwa bado kwenye shavu la kushoto, baridi kabisa. Shavu likaniambia, upepo haujarudi. Nikaliambia linyamaze, anayesema ni mke wangu."

Taa zikawa za kijani. Gari la nyuma likapiga honi. Mama Stesheni alitaka kumwambia juu ya kofia ya njano, jinsi ilivyoruka, jinsi ambavyo kwa kitambo kidogo hakujua kama ni kofia tu. Alimwambia, yote, akilia na kubadilisha gia. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho. Aliweka mkono juu ya goti la mkewe na kusema amefanya vyema, kwamba hata yeye angefanya hivyo, na alimaanisha.

Hawajagombana tangu siku ile. Fundi Meno sasa haoni hata lile tundu la ufunguo, na mkewe ndiye humwambia dunia ilivyokaa: ngazi mbili mbele, mlango uko wazi, jirani anakupungia mkono. Sauti ni ileile. Asubuhi humwekea chai mezani na kusema, "Kikombe kiko mbele yako, kulia kidogo."

Kikombe huwa pale pale aliposema. Lakini kila asubuhi, kabla ya kunyoosha mkono, mumewe husubiri kidogo, kisha hupapasa meza kwa ncha za vidole, pole pole, kuanzia kushoto.